Mkunga Nyumbani Mwangu



Katika kikao cha juma lililopita mliniomba niandike habari ya "ile nyoka ya Mama Mwalimu." Nilicheka, lakini njiani kurudi nyumbani nilifikiri. Wengi wenu mliipata habari ile barabarani, ikiwa imekwisha kutiwa chumvi. Wachache ndio walioingia ndani wakamwona mwenyewe. Basi nitaieleza tangu mwanzo, na zile sehemu zinazonipa haya nitazisema pia.

Kwanza, hakuwa nyoka. Alikuwa samaki.

Mnakumbuka mwaka 2024 ziwa lilivyopanda. Sisi tulikaa Kalundu, chini kabisa, katika nyumba ambayo marehemu baba ya watoto aliijenga kwa matofali ya kuchoma, chumba kimoja kila mwaka kadiri ya uwezo. Mafuriko ya Aprili 2020 hayakutugusa. Yale yalitoka mlimani, Mulongwe ulipoacha njia yake usiku ukabeba watu na nyumba zao. Tulikwenda kusaidia wenzetu, tukajiona tuna bahati. Ziwa lilikuja namna nyingine. Halikupiga kelele. Asubuhi moja maji yalikuwa kwenye ukingo wa bustani yangu ya lenga-lenga, juma lililofuata yalikuwa mlangoni pa jiko, halafu tukaanza kupandisha vitanda juu ya matofali. Kila jioni niliweka alama ukutani kwa kaa, kama mtu anayepima kimo cha mtoto.

Mwezi wa Mei tulishindwa. Siku ya kubeba vyombo, kijana wangu wa miaka 14 aliingia jikoni kuchukua sufuria, maji yakimfika magotini. Alikawia. Nikaita, hakuitika. Nilipochungulia nikamwona ameinama juu ya mafiga yangu, yale mawe matatu niliyopikia ugali miaka 11, na katikati ya mawe kulikuwa na kitu kirefu chenye madoa ya kahawia kimejikunja. Urefu wake, tulipompima baadaye, ulikuwa kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mtoto akamfunika kwa sufuria kubwa, akampindua pamoja na maji, akatoka naye nje amemkumbatia.

Nikamwambia, "Mwaga hicho kitu."

Akaniambia, "Mama, ziwa limechukua nyumba yetu. Mimi nimechukua hiki."

Tangu baba yake afariki alikuwa hasemi sana. Wenye watoto wa namna hiyo mnajua: wakisema neno moja, hulitupi. Nikanyamaza. Samaki akapanda juu ya mkokoteni pamoja na magodoro.

Tulipanga vyumba viwili juu, kwenye kilima. Kaka yangu mkubwa alikuja kutuona siku ya tatu, akamkuta mgeni ndani ya beseni la kufulia, limefunikwa kwa mlango wa kabati. Kaka yangu ujanani alikuwa mzamiaji. Alifanya kazi ya kukamata samaki wa mapambo, wale wadogo wa mawe, wanaofungwa katika mifuko ya plastiki yenye hewa na kupandishwa ndege kwenda Ulaya. Biashara hiyo katika pembe hii ya ziwa ilianzia Bujumbura, kwa Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, ambaye pia aliandika kitabu kikubwa juu ya samaki wa Tanganyika. Yuko hata samaki mdogo mwenye mkia wa nyuzi mbili aliyepewa jina lake. Kaka huwa anasema: "Sisi tulizama, yeye akaandikwa." Lakini anasema bila uchungu.

Alitazama ndani ya beseni akasema, "Huyu ni mkunga." Neno hilo alilitoa pwani ya bahari. Kabla ya kurudi alipita Kigoma na Dar es Salaam, miaka ile ya kukimbia vita, na watu wa bahari wanamwita mkunga samaki mrefu anayekaa katika matundu ya matumbawe. Wa kwetu si ndugu wa wale, wanafanana umbo tu. Wa kwetu ana miiba mifupi iliyosimama mgongoni mbele ya pezi, na kijana wangu aliijua miiba hiyo siku ya kwanza alipojaribu kumshika kwa mkono mtupu. Pua yake ni ndefu, laini, na ncha yake ina vijibomba viwili vya kunusia ambavyo haviachi kucheza. Wataalamu wamehesabu aina zipatazo 15 za mikunga wa miiba katika ziwa letu, na karibu zote haziko penginepo duniani. Nilipenda kusikia hivyo. Sisi watu wa Uvira tumezoea kusikia tunavyokosa. Kumbe kuna vitu ambavyo wengine ndio wanavikosa.

Watoto wakampa jina: Mheshimiwa. Kwa sababu mchana kutwa amelala, hasemi na mtu, halafu usiku anatoka na kula.

Kaka alisema beseni halifai, atakufa au atatoka. Wakakaa wawili, mjomba na mtoto, wakatengeneza sanduku la kioo. Vioo vilikuwa vya madirisha ya nyumba yetu ya Kalundu. Tulikuwa tumevitoa ili visiibiwe, na mimi nilivifunga ndani ya kitenge nikavilaza chini ya kitanda nikisema siku moja vitarudi mahali pake. Kijana aliponiomba nilikataa siku mbili. Siku ya tatu nikavitoa mwenyewe. Kioo cha dirisha ni chembamba kwa kazi hiyo, kwa hiyo kila upande waligandisha vioo viwili pamoja, wakaweka vipande vya kukaza juu, na gundi ya silikoni wakaiacha ikauke siku kadhaa kabla ya kutia tone la maji. Sanduku lilikuwa na sentimita 90 kwa 40. Liliingia lita 120 hivi, na lita 120 ni kilo 120, mama zangu, bila kuhesabu mawe na mchanga. Meza yetu ya kulia ilipiga magoti. Ikabidi tuliweke juu ya matofali.

Nitasema kidogo jinsi anavyotunzwa, maana wako watoto wenu wanaoniuliza. Mkunga anataka tundu. Usipompa tundu anagonga pua yake kwenye kioo mpaka ijeruhi. Sisi tulimpa kipande cha tiyo ya plastiki, ile ya mabomba, kimezikwa nusu ndani ya mchanga, na mawe ya ziwa juu yake. Anataka mfuniko mzito usio na upenyo, kwa sababu anaweza kupita penye nafasi ya vidole viwili, na usiku mmoja tulimkuta amefika chini ya kitanda cha bibi yake watoto, amevaa vumbi kama mandazi yaliyovaa sukari. (Bibi hakulala tena chumba kile.) Anataka hewa ndani ya maji. Kwa kuwa umeme ni kama mnavyoujua, kaka alitafuta kipampu kidogo cha betri inayochajiwa na jua. Betri ilipokwisha kijana alisimama anachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, kikombe baada ya kikombe, mpaka usingizi umshike. Na maji ya bomba yana klorini inayoua samaki, kwa hiyo huyaachi wazi chini ya siku moja kabla ya kumtilia. Au uchote ziwani.

Hapo kwenye ziwani ndipo nitakaporudi.

Chakula kilikuwa shida nyingine. Mwanzoni kijana alimwekea wenzake ndani ya kioo, samaki sita wadogo wa mawe, wale wa Brichard wenye mkia wa nyuzi mbili, ili wapendeze. Jioni walikuwa sita, asubuhi wanne. Asubuhi iliyofuata alibaki mmoja, amesimama pembeni juu kabisa, haogelei. Mtoto wangu mdogo wa kike, wa miaka mitano, alilia sana. Akaniuliza Mheshimiwa ni mbaya? Nikamjibu hapana, ana njaa tu. Akaniuliza tena, basi mbona hakuwala wote siku moja? Sikuwa na jibu la haraka. Yule wa mwisho tulimtoa akarudi ziwani.

Baada ya hapo alikula ndakala wabichi. Si wakavu, hataki kuwaona. Wawili au watatu kila baada ya siku moja, akivutwa na harufu: kwanza inatoka pua, inapima maji kushoto na kulia, halafu kichwa, halafu ndakala hayupo. Ndakala watatu si kitu, mtasema. Lakini mwaka ule ndakala walikuwa haba. Tanzania ilikuwa imefunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaane, na huku kwetu kikombe cha ndakala kilikuwa kikipungua kimo huku bei ikisimama. Kulikuwa na jioni ambapo nilipika sombe bila kitu ndani, na katika kibakuli juu ya kabati kulikuwa na ndakala watatu wa Mheshimiwa. Niliwatazama. Sikuwagusa. Nilimkasirikia mtoto wangu kwa ajili ya ndakala watatu, na nilijikasirikia kwa kumkasirikia.

Nilisoma humanité katika Latin-Philo, jambo ambalo halijanisaidia hata siku moja sokoni, lakini siku zile lilinisaidia. Mwalimu wetu alikuwa ametusimulia kwamba matajiri wa Roma walifuga mikunga wa bahari katika mabwawa. Plinius ameandika juu ya Hortensius, msemaji mkubwa wa mahakamani, ambaye inasemekana alimlilia mkunga wake alipokufa, na juu ya Antonia, mke wa Drusus, aliyemvalisha wa kwake hereni. Alikuwepo mwingine pia, Vedius Pollio. Mtumwa wake alivunja kikombe cha kioo mbele ya wageni, naye akaamuru atupwe kwa mikunga wamle. Mgeni wake siku hiyo alikuwa Kaisari Augusto, huyuhuyu tunayemsoma katika Luka kila Noeli. Kaisari akamwokoa mtumwa, akaamuru vikombe vyote vya mwenye nyumba vivunjwe. Nilimsimulia kijana wangu. Akafurahi, akatafuta katika simu ya mjomba wake habari za mkunga wa bahari, akanisomea kwamba wako wanaofika mita tatu, na kwamba mwaka 2007 wataalamu wawili wa California, Rita Mehta na Peter Wainwright, walionyesha kuwa ana taya za pili kooni, zinazosogea mbele kushika mawindo na kuyavuta ndani. Alisoma kwa sauti, maneno mengi kuliko niliyoyasikia kwake mwaka mzima. Tangu jioni ile sikuwahesabu tena ndakala.

Sasa tuje kwenye maneno ya watu.

Usiku tulikuwa tunamwashia taa ndogo. Dirisha letu lina pazia jepesi. Mtoto wa jirani alipita akaona kivuli kirefu kikijinyonga juu ya ukuta, akakimbia kwao. Juma lilelile zamu yangu ya likelemba ikafika, nikanunua mabati 12 nikayaweka nje yakisubiri mahali pa kujengwa. Mnaona wenyewe hesabu ilivyofanyika. Mama mjane, mshahara wa mwalimu ambao kila mtu anajua unavyokuja, nyumba imemezwa na ziwa, mara mabati. Na ndani kuna nyoka. Ikasemwa kwamba ni nyoka anayetapika pesa. Ikasemwa kwamba nyoka wa namna hiyo anadai malipo, na malipo yake ni mtoto.

Sikujua. Mwenye kusemwa ndiye wa mwisho kusikia. Niliona tu kwamba kwenye bomba nikifika mazungumzo yanakatika, na kwamba dada mmoja wa kikundi chetu aliyezoea kunywa chai kwangu ana haraka siku zote. Nilifikiri ni kwa sababu tumekuwa wahamiaji.

Mwezi wa Agosti binti yangu mdogo aliamka usiku anaharisha. Kabla ya mapambazuko kilichokuwa kikitoka kilikuwa kama maji ya kuosha mchele, na macho yake yalikuwa yameingia ndani. Nani kati yetu hapa Uvira haujui ugonjwa huo? Nilimbeba mgongoni hadi kituo cha kipindupindu. Walitupulizia klorini miguuni mlangoni, wakamlaza kwenye kile kitanda chenye tundu na ndoo chini yake, wakatafuta mshipa mkononi wakaukosa, wakautafuta mguuni. Alikuwa mwepesi, mama zangu. Niliyemzaa na kilo tatu na nusu, sasa ana miaka mitano, nilihisi nimebeba nguo.

Muuguzi akaniuliza, "Mnakunywa maji gani?"

Nikajibu, "Ya REGIDESO. Kila siku. Mimi ni mwalimu." Hilo la mwisho sijui nililisema kwa nini.

Kijana wangu alikuwa amesimama pembeni. Akasema polepole, "Alikunywa katika bidoni yangu."

Sasa sikilizeni. Tulikuwa na mabidoni mawili ya njano yanayofanana kama mapacha, moja la maji ya kunywa na moja la maji ya ziwa ya Mheshimiwa. Siku ya kwanza nilimwambia kijana afunge uzi mwekundu kwenye mkono wa lile la ziwa. Akafunga. Uzi ukakatika. Niliuona umekatika, niliuona siku mbili kabla, nikajisemea nitafunga mwingine nikirudi kutoka shule. Mimi ninayewafundisha watoto wa darasa la tatu kunawa mikono na kuchemsha maji, nikiwa na mchoro ubaoni. Mtoto alirudi kutoka kucheza ana kiu, akachukua kikombe, akachota kwenye bidoni lililokuwa karibu.

Alikaa na serumu mshipani hadi siku ya pili adhuhuri, halafu akaanza kunywa ile ya pakiti kwa kijiko. Nikasema hapa kwa faida ya mama vijana: ukikosa pakiti, usisubiri. Maji safi lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpe kidogo kidogo huku mnatembea kwenda kituoni. Usibaki nyumbani kungoja yamalizike.

Siku ya nne tulirudi nyumbani, na mlangoni pangu tulikuta watu.

Walikuwa kama 20. Vijana watatu mbele, mmoja ameshika mchi. Wengine majirani, na nyuma kidogo nikaona vitenge vya kikundi chetu. Nilifikiri wamekuja kumpa mtoto pole. Yule mwenye mchi akasema, "Mama, toa nyoka yako. Tumejua aliyekuwa anamla mtoto."

Niliogopa kama sijawahi kuogopa hata siku ya maji. Mnajua vizuri jinsi habari za namna hiyo zinavyokwisha katika mitaa yetu, hasa mwanamke akiwa hana mume wa kusimama mlangoni. Mtoto alikuwa mgongoni, kijana amesimama mbele yangu amefungua mikono. Miaka 14.

Aliyeniokoa ni koko wetu, yule mkunga mzee aliyezalisha nusu ya kikundi hiki. Hakupiga kelele. Alipita katikati ya vijana kwa fimbo yake, akamwambia mwenye mchi, "Wewe nilikutoa kwa miguu, mama yako anajua. Weka hicho chini, uniletee kiti ndani." Kisha akanigeukia: "Mwanangu, fungua tuone."

Nikafungua. Waliingia kwa makundi, chumba hakikutosha. Mchana ule Mheshimiwa alikuwa amelala ndani ya tiyo yake kama kawaida, na mwanzoni hakuna kilichoonekana ila mchanga na mawe, jambo ambalo lilizidisha wasiwasi. Kijana akafunga pazia, akaleta ndakala mmoja, akamning'iniza kwa vidole juu ya maji. Mikono yake ilitetemeka hata maji yakafanya mawimbi. Ikatoka pua. Vijibomba viwili vikacheza. Mtu nyuma yangu akasema, "Yesu." Kikatoka kichwa, macho madogo, kisha mgongo wenye miiba, na mapezi pembeni mwa kichwa yakipepea kama feni ndogo.

"Ana mapezi," akasema koko. "Nyoka hana mapezi. Tazameni, anavuta maji kwa mashavu. Ni samaki." Akakaribia mpaka pua yake ikagusa kioo. "Anaitwaje?"

Kijana akasema, "Mkunga, koko."

Kukawa kimya, halafu yule mzee akacheka mpaka akatafuta kitambaa chake cha machozi. "Jina langu," akasema. "Na kazi yangu pia, kukaa usiku nikisubiri kitu kitoke penye tundu." Hapo mama wote wakacheka, na vijana, na yule wa mchi, na mimi nikakaa juu ya kitanda nikalia.

Nilisimama nikawaambia kilichomfanya mtoto augue. Nikaleta yale mabidoni mawili, nikayaweka sakafuni bega kwa bega. Nikawauliza, lipi ni la kunywa? Hakuna aliyejua. Nami nikasema sikujua vilevile. Yule dada aliyekuwa na haraka siku zote alitazama mabidoni muda mrefu, akasema taratibu kwamba kwake pia yako mawili ya rangi moja. Jioni ileile, kabla ya kwenda nyumbani, mama sita walinipitia kuniomba rangi nyekundu ya kucha niliyokuwa nayo. Kichupa kiliisha.

Mlidhani hapo ndipo tulipomwondoa Mheshimiwa, kwa ajili ya maneno ya watu. Hapana. Alikaa kwetu miezi miwili zaidi na wageni walikuwa wengi kuliko zamani, watoto wa shule yangu walipanga mstari. Ni kijana mwenyewe aliyeamua. Mdogo wake alipopona, kila akipita karibu na kioo alikuwa anaweka mikono nyuma. Hakusema kitu, hakulia. Aliweka tu mikono nyuma. Jumamosi moja kijana akaniambia, "Mama, nataka kumrudisha." Nikamuuliza ni kwa sababu ya mdogo wako? Akasema, "Na yeye pia anagonga." Kumbe Mheshimiwa alikuwa ameongezeka mwili, na tiyo ilimbana, na usiku alikuwa akizunguka kioo upande kwa upande akigonga pua mpaka asubuhi. Mtoto alikuwa anamsikia. Sisi wengine tulilala.

Kaka alisema hakuna ubaya kumrudisha: ni wa ziwa hilihili, hakukaa na samaki wa kigeni, na mawe ya kule alikotoka hayako mbali. Tukashuka jioni sisi wanne, ndoo imefunikwa kwa kitenge, hadi penye mawe upande wa kusini wa Kalundu. Tulipita karibu na nyumba. Maji yalikuwa yameanza kurudi nyuma, yakaacha tope na mstari wa kijani ukutani. Alama zangu za kaa zilikuwa zimefutika zote isipokuwa ile ya juu kabisa. Madirisha yalikuwa matundu tu.

Kijana aliingia maji hadi kiunoni, akainamisha ndoo pole pole. Mheshimiwa hakutoka. Alibaki amejikunja chini ya ndoo, pua nje, akinusa. Tulisubiri. Binti alikuwa mgongoni kwangu, amelaza kidevu begani. Akaninong'oneza, "Mwambie aende." Halafu hakuwepo tena ndani ya ndoo, na hakuna kati yetu aliyemwona akipita.

Sanduku la kioo lilibaki tupu juu ya matofali karibu mwezi mmoja. Nilitaka kulivunja nivirudishe vioo chini ya kitanda, lakini gundi ya silikoni haiachii. Sasa naweka mandazi ndani yake. Kila Jumamosi asubuhi kijana analibeba na mjomba wake hadi barabarani, na nzi hawaingii, na wateja wanasema mandazi yangu yanaonekana vizuri. Mabati 12 bado yako nje, yamefunikwa. Juzi mteja mmoja aliniuliza mbona kwenye pembe ya kioo kuna mchanga kidogo umeganda. Nimejaribu kuutoa kwa kisu. Hautoki.